Vyama Kuungana: Kwa Nini Ilikuwa Rahisi Mwaka 1977 na Ni Vigumu Leo

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Wananchi wanaofuatilia siasa za Uingereza wamekuwa wakisikia swali moja likirudiwa: je, vyama vya mrengo wa kulia nchini humo vitaungana, au vitaendelea kugombea kura za watu walewale na kuwapa ushindi wapinzani wao? Kwa mkazi wa Mkoa wa Mara swali hilo si geni. Butiama ni nyumbani kwa kiongozi aliyesimamia muungano mkubwa kuliko wote wa vyama katika historia ya nchi yetu. Bunda na Musoma ni majimbo ambayo wapiga kura wake wameona viongozi wakihama vyama, vyama vikishirikiana na ushirikiano huo ukivunjika.

Makala haya yanaeleza namna vyama vinavyoungana, sababu za miungano mingi kutodumu, na mambo ambayo mpiga kura anapaswa kuyafahamu pindi anaposikia tangazo la vyama kuungana.

Muungano wa TANU na ASP

Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, aliongoza TANU tangu ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Kwa upande wa Zanzibar, Afro-Shirazi Party, yaani ASP, ilikuwa imeundwa mwaka 1957. Nchi hizi mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, lakini vyama vyake vilibaki viwili kwa karibu miaka 13.

Tarehe 21 Januari 1977, wajumbe wa mkutano mkuu wa pamoja wa TANU na ASP waliamua kuvivunja vyama hivyo ifikapo tarehe 5 Februari mwaka huo, na siku hiyohiyo kuunda chama kipya, Chama Cha Mapinduzi.

Mambo mawili yalirahisisha hatua hiyo. La kwanza ni utaratibu: uamuzi ulifanywa na vikao halali vya pande zote mbili, na kilichozaliwa kilikuwa chama kimoja chenye katiba moja. La pili, ambalo aghalabu husahaulika, ni kwamba TANU na ASP hazikuwa zikishindana. TANU ilikuwa na uwanja wake Bara, ASP ilikuwa na wake Zanzibar. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1977 kila fahali alikuwa na zizi lake. Hapakuwa na jimbo hata moja ambalo mgombea wa TANU alilazimika kumpisha mgombea wa ASP.

Hapo ndipo ilipo tofauti na miungano ya leo. Vyama vinavyotaka kuungana katika mfumo wa vyama vingi, uliorejeshwa nchini mwaka 1992, kwa kawaida huvuna katika shamba moja.

Bunda: kura hufuata chama au mtu?

Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 1995, wa kwanza baada ya kurejeshwa kwa vyama vingi, Jimbo la Bunda lilivuta macho ya nchi nzima. Stephen Wassira, aliyekuwa ametoka CCM na kujiunga na NCCR-Mageuzi, alimshinda Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa zamani aliyesimama kwa tiketi ya CCM. Ushindi huo ulitenguliwa baadaye mahakamani. Wassira alirejea CCM, akawa tena mbunge wa Bunda mwaka 2005, na Januari 2025 alichaguliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa CCM upande wa Bara.

Mwaka 2015 hali iligeuka. Ester Bulaya, aliyekuwa mbunge wa Viti Maalumu kwa tiketi ya CCM, alihamia CHADEMA na kumshinda Wassira katika Jimbo la Bunda Mjini. Katika Jimbo la Musoma Mjini, Vincent Nyerere wa CHADEMA alishinda mwaka 2010, kisha mwaka 2015 jimbo likarudi kwa Vedastus Mathayo wa CCM. Hata familia ya Mwalimu haikubaki upande mmoja: mwanawe, Makongoro Nyerere, aligombea na kushinda Arusha mwaka 1995 kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, ingawa baba yake alikuwa akimnadi mgombea urais wa CCM, Benjamin Mkapa.

Historia hiyo inaonesha kuwa kura si mali ya chama ambayo viongozi wanaweza kuihamisha kwa makubaliano. Viongozi wanaweza kutia saini ya kushirikiana, lakini mpiga kura wa Bunda au Musoma ndiye huamua kama ataufuata ushirikiano huo.

Gharama ya kugawanyika

Katika mfumo wetu wa uchaguzi, anayepata kura nyingi kuliko wengine katika jimbo ndiye mshindi, hata kama hakufikia nusu ya kura zote. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, utaratibu huo unatumika pia katika uchaguzi wa Rais. Mfumo wa namna hii huviadhibu vyama vinavyogawana wapiga kura wenye mwelekeo mmoja.

Mwaka 1995 mgombea urais wa NCCR-Mageuzi, Augustine Mrema, alipata asilimia 27.8 ya kura, na chama chake kikashinda majimbo 16. Migogoro ya uongozi ikafuata, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Katika uchaguzi wa mwaka 2000 yeye mwenyewe alipata asilimia 7.8, na NCCR-Mageuzi ikabaki na jimbo moja.

Kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka 1992 wapinzani waligawanyika na Rais Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Miaka kumi baadaye waliungana chini ya NARC, na Mwai Kibaki akashinda kwa takriban asilimia 62. Hata hivyo, NARC ilisambaratika baada ya kura ya maoni ya Katiba ya mwaka 2005. Umoja uliotosha kushinda uchaguzi haukutosha kuongoza nchi kwa muhula mmoja.

Uingereza nayo inatumia mfumo huohuo wa wingi wa kura. Mwaka 2019 Brexit Party, ambayo leo inaitwa Reform UK, iliamua kutosimamisha wagombea katika majimbo 317 yaliyokuwa yakishikiliwa na Conservative, na chama hicho kikapata wabunge 365. Mwaka 2024 hapakuwa na makubaliano ya aina hiyo. Conservative ilipata asilimia 23.7 ya kura na wabunge 121. Reform UK ilipata asilimia 14.3 na wabunge 5 tu. Kwa pamoja kura zao zilizidi asilimia 33.7 za Labour, ambayo hata hivyo ilitwaa zaidi ya viti 400 kati ya 650.

Wapo wanaosema kwa hesabu hiyo kwamba muungano ndio jawabu. Hesabu hiyo ina kasoro: si kila aliyeipigia kura Reform UK angeipigia Conservative, na wengi walihama kwa sababu walichoshwa nayo. Isitoshe, kila kimoja kinajiona kuwa ndicho mrithi halali wa mrengo huo. Ni mafahali wawili katika zizi moja.

UKAWA na suala la viti maalumu

Nchini mwetu, CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD viliingia katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015 chini ya mwavuli wa UKAWA, uliotokana na Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014. UKAWA haukuwa chama. Vyama viliachiana majimbo, na kila mgombea alisimama kwa tiketi ya chama chake kilichosajiliwa. Mgombea wao wa urais, Edward Lowassa, alipata asilimia 39.97, wakati Dkt. John Magufuli wa CCM alishinda kwa asilimia 58.46.

Ugumu wa kuachiana majimbo unatokana pia na Ibara ya 78 ya Katiba. Viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa uwiano wa kura za wabunge ambazo kila chama kimepata, na chama hakipati mgawo kisipofikia asilimia tano. Chama kinachomwachia mshirika jimbo hupoteza kura za jimbo hilo katika hesabu ya viti maalumu. NCCR-Mageuzi ilimaliza uchaguzi wa 2015 ikiwa na jimbo moja, Vunjo, bila kiti maalumu hata kimoja.

Mpiga kura afahamu nini

Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yaliweka masharti kuhusu vyama kuungana. Kwa hiyo, tangazo la muungano linaposikika, mwananchi ana haki ya kuuliza: je, ni chama kipya kimezaliwa, au ni ushirikiano wa uchaguzi mmoja? Je, uamuzi ulipitia vikao vya wanachama, au ni mapatano ya viongozi wachache? Na katika karatasi ya kura, mgombea atasimama kwa jina la chama gani?

Swali la mwisho lina uzito wa kisheria. Ibara ya 71 ya Katiba inaeleza kuwa mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, hupoteza kiti chake. Uingereza haina sharti hilo: Machi 2024 mbunge Lee Anderson alijiunga na Reform UK, wiki chache baada ya Conservative kumsimamisha, na akaendelea na ubunge wake bila uchaguzi mdogo. Kwetu, jina la chama lililo kando ya picha ya mgombea humfunga mbunge kwa muda wote wa Bunge.

Kwa mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama, hilo ndilo la kukumbuka. Makubaliano ya viongozi yanaweza kubadilika baada ya uchaguzi, lakini kura yake itahesabiwa kwa chama alichokiwekea alama, na kwa chama hicho pekee.