Februari 29 Iliyorukwa: Kosa la Mashine au Fani?

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuuliza kama kazi ya sanaa ina uhalisi. Swali hilo nililikuta Mikumi, nilipotoka nyumbani Kilosa kwenda kumsalimu binamu yangu. Jamaa alikuwa amenuna mbele ya kompyuta. Anacheza Europa Universalis IV, mchezo wa dola na vita uliotoka mwaka 2013, na yeye ndiye sultani wa Kilwa. Alikuwa akiisubiri Februari 29 ya mwaka 1600 kwa sababu amezaliwa tarehe hiyo. Kalenda ikatoka 28, ikaingia Machi mosi. "Dada, nimeuziwa kopi mbovu," akalalamika.

Kopi si mbovu. Katika mchezo huo kila mwaka una siku 365, basi. Mapato huingia mwanzo wa kila mwezi, na miezi isiyobadilika huirahisishia mashine hesabu. Mchezo huanza Novemba 11, 1444 hadi 1821. Hivyo siku zaidi ya 90 humezwa humo, wala hapana mkulima anayekosa masika.

Na tusicheke. Mwaka wa Nairuzi wa pwani yetu, ambao watu wa Makunduchi huukaribisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai, nao ni wa siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za nyongeza. Mwaka mrefu haumo.

Kwa hiyo hapa pana fani, yaani mapatano baina ya fanani na hadhira. Katika Juliasi Kaizari, aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963, saa inagonga usiku wa njama, ingawa Roma ya wakati ule haikuwa na saa za kugonga. (Kichekesho ni kwamba Kaizari huyohuyo ndiye aliyeiletea Roma kalenda yenye siku ya ziada ya Februari, mwaka 45 K.K.) Mhakiki akiishia kwenye saa ile, tamthiliya imempita.

Binamu naye alipitwa hivyo hivyo. Wareno walipoivamia Kilwa Julai 1505, wenyeji walikuwa katika mwaka 911 Hijria. Mchezoni, sultani wa Kilwa, mfalme wa Ureno na wakuu wa China wote wanaamka na tarehe moja, ya Kizungu. Hata Wazungu wenyewe hawakuwa nayo moja! Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliondoa siku 10, Oktoba 4 ikafuatwa na 15. Waingereza wakakataa mpaka 1752, wakalazimika kuondoa 11. Siku moja ya Februari inatupigisha kelele, lakini sultani anayehesabu Novemba hatumwoni. Msimulizi aliyejificha kwenye kona ya kioo, pale inapoandikwa tarehe, ndiye wa kuhakikiwa kwanza.

Bibi yetu Kilosa husema nilianza shule "mwaka wa maji", maana yake mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010. Kalenda yake haina hata siku, na sijasikia mtu akiiita mbovu.

Nilimshauri binamu aanze upya, na pembeni awe na daftari la Hijria. Ameanza. Analalamika kwamba Ramadhani inamhamahama, mara Juni, mara Mei, na vita vinamchelewesha kufuturu.