Kilometa 760 ndani ya dakika 30: mchezo wa lori unapimaje njia na saa?

Wandugu, wengi wetu tunajua Euro Truck Simulator 2, ule mchezo wa kuendesha lori ambao kampuni SCS Software ya Prague ilitoa mwaka 2012. Unashika njia kuu, lori inakimbia 80 kwa saa, na kiisha dakika 30 hivi umemaliza kilometa 760. Je, mchezo unatudanganya? Hapana. Unapima.

Ramani yake ya Ulaya iko kwa kipimo cha 1:19. Njia ya kilometa 760 imejengwa kwa kilometa 40 tu. Kama wangefupisha njia na kuacha saa vile ilivyo, hesabu ingekataa: mutu wa mwendo wa 80 hawezi kumaliza kilometa 760 kwa nusu saa. Njo maana saa nayo imefupishwa mara 19. Dakika zako 30 ni dakika 570 za mchezo, ni kusema masaa 9 na nusu. Gawanya 760 kwa 9.5, unapata 80. Mwendo unabaki wa kweli juu njia na saa vimekatwa kwa kisu kimoja. Ukiingia mjini, saa inapunguza mbio, juu kule kipimo kinakuwa 1:3.

Lori yenyewe haikupunguzwa, wala upana wa barabara. Kwa hiyo kinachopotea ni vijiji, mashamba na miji midogo ya katikati. American Truck Simulator ilitoka mwaka 2016 kwa kipimo cha 1:35, kisha wakaipanua mpaka 1:20 ili nafasi ipatikane.

Sasa angalieni hapa, wanafunzi. Ukifupisha urefu mara 19, eneo linapungua mara 19 kwa 19, ndiyo 361. Ni hapo wengi wanateleza hata kwa ramani za kazi. Kwa ramani ya 1:50 000, sentimeta 1 ni meta 500, lakini sentimeta 1 ya mraba ni hektari 25. Ukikosea kuzidisha mara mbili, utaagiza mbegu na mbolea za shamba ambalo haliko. Kwenye mchezo unaanza upya. Shambani, mkulima ndiye analipa.

Basi mutu akikupa ramani, uliza kwanza kipimo chake, kisha uliza kama unapima njia ao unapima eneo.