Nyundo Tatu za Martel

Aghalabu tuionapo nembo ya mji huichukulia kama cheti cha kuzaliwa. Tukiona simba kwenye ngao, twamtafuta simba katika historia ya mahali pale. Mazoea haya huwapotosha wanafunzi, na walimu wao pia.

Katika jimbo la Lot, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kipo kimji kiitwacho Martel, chenye wakazi wasiotimia 2,000. Ngao yake imechorwa nyundo tatu. Mgeni akiuliza maana yake husimuliwa habari za Charles Martel, jemadari wa Wafaranki aliyelishinda jeshi la Waislamu kutoka Hispania karibu na Poitiers mwaka 732. Yasemekana alijenga kanisa hapo kwa shukrani, na kwamba nyundo zile ndizo silaha alizozipenda.

Hadithi ni tamu, lakini haisimami. Charles alifariki mwaka 741, ilhali desturi ya kuchora nembo za kurithiwa ilianza Ulaya katika karne ya 12, takriban miaka 400 baadaye. Hata jina la Martel hakuitwa na waandishi wa zama zake; alipachikwa na waliomfuata. Wala si hadithi isiyo na madhara, maana wapo hadi leo wanaovitumia vita vile vya 732 kuwafarakanisha watu kwa dini zao.

Nyundo basi zimetoka wapi? Zimetoka katika neno lenyewe. Katika Kifaransa cha kale, na vilevile katika Kioksitani kisemwacho kusini, martel ni nyundo. Mchoraji alilisikia jina, akachora alichokisikia. Wafaransa huziita nembo za aina hii nembo zisemazo. Jiji la Lyon lina simba, ingawa jina lake limetokana na Lugdunum, na dunum katika lugha ya Wagalia ilikuwa ngome. Simba hayumo kabisa. Tours nao una minara mitatu kwa kuwa tour ni mnara, ilhali jina la mji ni la kabila la kale la Waturone. Sikio lilikwisha kuamua, mkono ukatii. Mwaka 1696 Mfalme Louis wa 14, akihitaji fedha za vita, aliamuru nembo ziandikishwe kwa malipo; wengi wasiokuwa nazo walibuniwa na makarani, mara nyingi kwa kuchezea majina yao.

Hivyo mwalimu anayesahihisha jibu lisemalo kwamba nyundo ni za Charles hana budi kuuliza: ushahidi u wapi? Mchoro unathibitisha jinsi wenyeji walivyolielewa jina lao, basi.

La ajabu ni kwamba Martel una kisa cha kweli, kilichoandikwa na watu wa wakati wake. Henry, mwana wa Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, aliyetawazwa mwaka 1170 baba yake angali hai, aliasi, akaingia vitani dhidi ya mzazi wake, na akafia katika kimji hicho kwa ugonjwa wa kuhara damu tarehe 11 Juni 1183. Alikuwa na umri wa miaka 28. Kwenye ngao hayumo, kwani jina la mji halina mlio wa jina lake.