MTOTO ANA SURUA: TUTATOKAJE NYUMBANI?

Ni wakati wa palizi. Mtoto ana homa, anakohoa, macho ni mekundu, na leo asubuhi upele umeonekana nyuma ya masikio na usoni. Maji yamekwisha mtungini na shamba linangoja. Je, mama afanyeje? Wengine hujifungia ndani gizani na mtoto. Wengine humbeba mgongoni mpaka gulioni, kana kwamba hana kitu. Sisi tunaona njia zote mbili hazifai.

Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa chumbani, virusi vyake huweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya yeye kutoka. Basi haitoshi kusema, "Msimguse tu." Gulio, msiba, ibada, basi lililojaa watu: huko usimpeleke. Lakini shamba lako ni mahali pa wazi. Akilala kivulini, mbali na watoto wengine, upepo ukipita, ni vigumu kumwambukiza mtu. Kama homa ni kali, afadhali abaki na bibi yake. Mtu aliyewahi kuugua surua haipati tena, kwa hiyo bibi aliyeiugua utotoni ni mlezi bora kuliko dada mdogo ambaye hajachanjwa.

Ni kwa siku ngapi? Mtoto huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele mpaka siku 4 baada ya upele kutokea. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofaa. Chukua daftari, andika tarehe uliyouona upele. Ukitokea Jumatatu, hesabu Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumamosi anaweza kucheza na wenzake, akiwa na nguvu.

Safari moja tu haingoji siku hizo, nayo ni ya zahanati. Jamani, wapo wanaosema surua ikishatoka nje itapona yenyewe. Surua huleta nimonia, kuhara na upofu, na huua. Mganga atampa mtoto vitamini A siku mbili mfululizo, na dawa hiyo husaidia kulinda macho yake. Akipumua kwa shida, akishindwa kunyonya au kunywa, au akipata degedege, nendeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Lakini benchi la kliniki limejaa watoto wachanga waliokuja kupimwa uzito. Tangu mwaka 2014 watoto wa Tanzania huchanjwa surua na rubela wakiwa na miezi 9, tena miezi 18. Wale wa miezi 3 au 5 bado hawajachanjwa. Kwa hiyo usiingie moja kwa moja. Kaa nje chini ya mti, tuma mtu amwambie muuguzi, "Kuna mtoto mwenye upele na homa, huenda ni surua." Wala usione haya. Njiani, baiskeli au pikipiki ni afadhali kuliko gari lililobanana.

Wapitie pia majirani ambao watoto wao walicheza kwako wiki hii. Dalili huanza kiasi cha siku 10 mpaka 14 baada ya kuambukizwa. Aliyekosa chanjo apelekwe upesi, maana akichanjwa ndani ya siku 3 tangu akutane na mgonjwa, anaweza kukingwa.