Kutoka Liuhua hadi Rufiji: Slaidi Inayosema Kilichogunduliwa

Kwa zaidi ya miaka 30, eneo la Liuhua mjini Guangzhou lilikuwa ndilo mlango ambao wanunuzi wa dunia nzima waliingilia kutafuta bidhaa za China. Maonyesho ya Biashara ya Canton yalihamia Barabara ya Liuhua mwaka 1974, mwaka uleule stesheni ya reli ya Guangzhou ilipofunguliwa jirani yake, na yalibaki hapo hadi yalipomaliza kuhamia Pazhou mwaka 2008. Masoko ya nguo za jumla bado yapo, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki bado hupita hapo wakielekea mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Mbele kidogo, kaskazini ya stesheni, kwenye barabara iliyokuwa ikielekea uwanja wa ndege wa zamani, kuna jambo jingine linalowahusu Waswahili kuliko bei ya nguo na simu: Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Guangzhou.

Profesa Li Guoqiao wa chuo hicho ni miongoni mwa madaktari wa China waliojaribu dawa ya artemisinini kwa wagonjwa wa malaria katika jimbo la Yunnan mwaka 1974. Miongo mitatu baadaye, yeye na wenzake waliipeleka elimu hiyo Visiwani Komoro kwa kushirikiana na serikali ya huko. Badala ya kungoja mtu augue ndipo atibiwe, walitoa dawa kwa wakazi wote, wagonjwa na wazima: kisiwani Mwali mwaka 2007, Nzwani mwaka 2012, Ngazidja mwaka 2013. Baadhi ya wanasayansi walihoji uhalali wa kumpa dawa mtu asiyeumwa, na mjadala huo ulikuwa wa haki. Lakini tarakimu zilishtua. Wagonjwa walioripotiwa nchini humo walikuwa zaidi ya 100,000 mwaka 2010. Mwaka 2014 hawakufika 3,000.

Sasa mtafiti apewe dakika 10 jukwaani aieleze habari hiyo kwa watu ambao hawajawahi kufika Komoro. Wengi hufanya hivi: slaidi yenye kichwa "Matokeo", chini yake jedwali la miaka kumi kwa visiwa vitatu, herufi ndogo kama za mkataba wa benki, na sauti ikisoma mstari mmoja baada ya mwingine. Ukumbi hauji kujua jambo gani limegunduliwa. Msikilizaji anatafuta tarakimu kubwa, anaipoteza, anaitafuta tena, na msemaji ameshahamia slaidi nyingine.

Njia ya pili inaanzia juu ya slaidi. Kichwa kinakuwa sentensi nzima inayosema kilichopatikana: "Wagonjwa wa malaria Komoro walipungua kutoka zaidi ya 100,000 hadi chini ya 3,000 kati ya 2010 na 2014." Chini yake panakaa grafu moja ya mstari, na alama mbili zinazoonyesha dawa ilitolewa lini Nzwani na lini Ngazidja. Basi. Aliyechelewa kuingia anaelewa. Anayeisikia lugha ya msemaji kwa shida anaelewa pia, kwa sababu sentensi inabaki mbele ya macho yake hata baada ya sauti kupita.

Grafu hiyo, hata hivyo, ina mtego, na hapa ndipo usanifu wa slaidi unapogusa uaminifu wa utafiti wenyewe. Ikiishia mwaka 2014, inasimulia ushindi mtupu. Mstari ukivutwa hadi mwaka 2018, wagonjwa wamepanda tena na kupita 15,000, na simulizi inabadilika: ugonjwa ulipigwa, haukung'olewa, na ufuatiliaji baada ya kampeni una uzito uleule wa kampeni. Mtafiti anayechagua mwaka wa kukata mstari wake anachagua pia ukumbi utaamini nini. Anayeuvuta mstari hadi mwisho wa takwimu alizonazo ndiye anayestahili kusikilizwa.

Mazoea ya kichwa cha neno moja na orodha ya nukta yana asili yake. Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kazi ya kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought, na Microsoft ikainunua mwaka huohuo kwa dola milioni 14. Ukurasa wake mpya ulikuja kuzoeleka ukiwa na sanduku la kichwa juu na nukta chini, na mamilioni ya watu, watafiti wakiwamo, walijaza masanduku hayo kama wanaojaza fomu. Michael Alley, mwalimu wa uandishi wa kihandisi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, amekuwa akifundisha kinyume chake kwa miaka mingi: kichwa kiwe dai, na mwili wa slaidi uwe ushahidi wa kuonekana, yaani picha, grafu au mchoro. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio kwamba mtu hujifunza vibaya zaidi anaposomewa kwa sauti maneno yaleyale yaliyoandikwa mbele yake, kuliko anapotazama mchoro huku akielezwa.

Kasoro za slaidi zimewahi kuchangia maafa. Januari 2003 chombo cha angani cha Marekani, Columbia, kiliporuka, kipande cha povu kilichomoka na kupiga bawa la kushoto. Wahandisi waliombwa kukadiria hatari wakati wanaanga saba wakiwa bado angani. Matokeo yao yalifika kwa wakubwa yakiwa kwenye slaidi. Kichwa cha slaidi muhimu kuliko zote kilitoa picha ya kutuliza. Mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndio uliobeba habari yenyewe: kipande kilichogonga bawa kilikuwa na ujazo wa mara 640 ya vile vilivyotumika kwenye majaribio, na kwa hiyo majaribio hayo hayakuweza kusema lolote la uhakika. Februari 1 chombo kikasambaratika kikirudi, na wote saba wakafa. Edward Tufte, mtaalamu wa uonyeshaji wa takwimu, aliichambua slaidi hiyo mstari kwa mstari, na tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti Agosti mwaka huo ililalamikia tabia ya kutumia slaidi mahali pa taarifa kamili za kitaalamu. Kama sentensi ile ya chini ingekuwa ndiyo kichwa, wakubwa wale wangelazimika kuuliza swali jingine.

Mfano wa upande wa pili uko nyumbani, na unastahili kujulikana zaidi ya unavyojulikana. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, walianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili: Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka. Je, fedha za afya za wilaya zinakwenda kwenye magonjwa yanayoua watu?

Kulijibu hakukuwa kwepesi. Wengi hufia nyumbani, na daftari la hospitali haliwajui. Kwa hiyo takwimu zilichotwa kwenye mifumo ya ufuatiliaji wa kaya: wahoji walikwenda nyumba kwa nyumba, wakaorodhesha waliozaliwa na waliofariki, na wakawauliza wafiwa dalili za marehemu ili kukisia chanzo cha kifo. Hiyo ni data nzito, ya aina inayojaza makabati ya vyuo vikuu bila mtu wa wilayani kuiona.

Watafiti wa TEHIP walifanya uamuzi wa busara hapo. Waliyafunga matokeo upya kwa ajili ya timu za afya za wilaya, ambazo wajumbe wake walikuwa matabibu, wauguzi na maofisa wenye shughuli nyingi, si wataalamu wa takwimu. Badala ya majina marefu ya magonjwa, mzigo wa vifo ulipangwa kulingana na huduma ambayo ingeweza kuupunguza: huu unapunguzwa na vyandarua na dawa za malaria, huu na matibabu jumuishi ya watoto, huu na huduma za uzazi. Kisha mzigo huo ukachorwa kwenye chati, na bajeti ya wilaya nayo ikachorwa. Mtu alihitaji kulinganisha vitu viwili tu.

Pengo lilijianika. Morogoro, malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 ya bajeti ya mwaka 1996. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4, kilipata asilimia 22. Hakuna aliyekuwa ameiba wala kuzembea. Bajeti ilikuwa imefuata mazoea na miradi ya wafadhili, na hakukuwa na karatasi iliyowahi kuziweka tarakimu hizo mbili pamoja. Timu za wilaya zilihamisha fedha. Zilipata pia nyongeza ndogo, kama dola moja kwa kila mkazi au pungufu, zikawafundisha watumishi wa zahanati namna ya kumtibu mtoto kwa ujumla wake, na zikahimiza vyandarua. Katika miaka michache iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo. Chati peke yake haimtibu mtoto, lakini bila ile chati fedha zisingejua pa kwenda.

Mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 na kupima usomaji wa watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda, ulipata usikivu kwa ufundi unaofanana na huo. Ripoti yake ya kwanza ya Tanzania ingeweza kufunguliwa kwa wastani na kiwango cha makosa ya sampuli. Iliyobaki vichwani mwa watu ni kwamba watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kila mzazi anaweza kuibeba sentensi hiyo hadi kwenye mkutano wa shule.

Somo moja zaidi linatoka kwa Hans Rosling, daktari wa Uswidi aliyefanya kazi Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia mwaka 1979, na aliyechunguza ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na muhogo mchungu. Baadaye alijulikana duniani kwa mapovu yake ya rangi yaliyotembea kwenye skrini. Watu hukumbuka mapovu. Kilichowafanya waelewe ni hatua iliyotangulia: alieleza kwanza mstari wa chini unapima nini na wa pembeni unapima nini, na namna povu moja linavyowakilisha nchi moja, ndipo akaruhusu takwimu zitembee. Hatua hiyo huchukua nusu dakika, na wawasilishaji wengi huiruka.

Kwa Mwafrika Mashariki anayesoma au kualikwa Guangzhou kuna mambo ya mahali pia. Kwenye skrini za soko la hisa la China, nyekundu ni bei iliyopanda na kijani ni iliyoshuka. Chati inayotumia nyekundu kuonyesha "hali mbaya" inaweza kusomwa kinyume, kwa hiyo ni salama kuandika neno lenyewe pembeni ya mstari. Huduma za Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida wa huko, hivyo aliyeziacha slaidi zake mtandaoni atasimama mikono mitupu. Faili liwe kwenye flashi, na nakala ya PDF iwepo, kwa kuwa kompyuta nyingi za huko zina WPS na mpangilio wa herufi huweza kuhama. Na kwa kuwa msemaji na msikilizaji wote wawili huenda wanatumia Kiingereza walichojifunza shuleni, sentensi fupi iliyoandikwa wazi inafanya kazi maradufu.

Nyumbani kuna hadhira ya mwisho ambayo husahauliwa: kijiji kilichotoa majibu. Mrejesho kwa wanakijiji hufanyika chini ya mwembe au kwenye darasa lisilo na umeme, na projekta haina kazi. Bango kitita linatosha, kanuni zikiwa zilezile: sentensi moja ya kilichogunduliwa, mchoro mmoja, tarakimu zilizogeuzwa kuwa watu kati ya kumi.

Vyuo vyetu hutumia miaka kumfundisha mwanafunzi kukusanya data, na mara nyingi havimpi hata kipindi kimoja cha kumwonyesha namna ya kuiweka mbele ya watu. Idara ziombwe jambo dogo: kabla ya utetezi wa tasnifu, kila mwanafunzi asimamishwe mbele ya watu watatu wasio wa fani yake, aonyeshe slaidi yake kuu, kisha aizime na kuwauliza amegundua nini. Wasipoweza kujibu, airudie slaidi hiyo kabla ya siku ya utetezi.