Siku 30 za Kujibu

Miezi 17. Kwa muda wote huo klabu ya Metropolitan Hockey Club ilikalia maswali ya maandishi bila kuyajibu ipasavyo, na klabu hiyo ndiyo iliyofungua kesi! Iliishtaki ligi ya hoki ya barafu, NHL, kwa madai ya kuvunja sheria za ushindani wa biashara. Ilipotakiwa kufafanua madai yake, iliomba muda, ikaongezewa, muda ukapita. Jaji wa Philadelphia akaifuta kesi. Mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi wake, lakini Juni 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaurejesha: adhabu kali ipo pia ili wengine wasithubutu kuiga. Kama NHL ilikuwa na kosa au la, shauri halikufika huko.

Filamu zimewazoesha watu kuona kesi ikishindwa kizimbani. Huko Marekani kesi ya madai huanza kupiganwa kwenye makaratasi: kila upande hudai nyaraka za mwenzake na majibu ya kiapo. Katika mahakama za shirikisho, muda wa kawaida wa kujibu ni siku 30. Mtego mkubwa ni ombi la kukiri. Upande mmoja huandika, tuseme, kwamba saini iliyo kwenye mkataba ni yako. Usipojibu ndani ya siku hizo, umeshakiri.

Kuomba muda si aibu. Anayeomba kabla siku hazijaisha hutakiwa kutoa sababu ya msingi tu. Anayekuja baadaye ana mzigo mzito zaidi, kwani lazima aeleze pia kwa nini uzembe wake usamehewe.

Alex Jones, mtangazaji aliyedai kuwa mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 yalikuwa maigizo, alishtakiwa na familia za marehemu. Alishindwa kukabidhi ipasavyo kumbukumbu zilizotakiwa, zikiwemo za fedha na za watembeleaji wa tovuti yake. Novemba 2021 jaji wa Connecticut akamhesabu ameshindwa kesi. Wazee wa baraza walipokutana mwaka uliofuata, hawakuulizwa kama anawajibika. Waliulizwa alipe kiasi gani, wakajibu: dola milioni 965.