Maneno Kumi na Sita: Fumbo la Kila Siku na Kazi ya Ubongo

Tangu Juni 2023, gazeti la The New York Times la Marekani huwapa wasomaji wake kila siku fumbo liitwalo Connections. Mchezaji huoneshwa maneno 16 yaliyochanganywa, naye hutakiwa kuyagawa katika makundi manne ya maneno manne manne, kila kundi likiwa na jambo moja linaloyaunganisha maneno yake. Akikosea mara nne, mchezo humalizika. Wazo lenyewe si geni. Kipindi cha Only Connect cha televisheni ya BBC, kilichoanza mwaka 2008, kina ukuta wa maneno 16 ambao timu hupewa dakika mbili na nusu kuutegua.

Mafumbo ya aina hii sasa yamo katika simu za watu wengi, wakiwamo Watanzania. Pamoja nayo limekuja swali ambalo sisi tunaotibu magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu huulizwa mara kwa mara na ndugu wa wagonjwa: je, mzee akicheza michezo hii kila siku, atakingwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu? Swali hilo linastahili jibu la uangalifu, kwa maana jibu la haraka laweza kumgharimu mzee miaka yake ya utambuzi.

Fumbo letu wenyewe

Kabla ya kueleza, ni vema msomaji ajaribu. Yafuatayo ni maneno 16 ya Kiswahili:

mbuzi, ngisi, kaa, swala,
kata, tembo, taa, sufuria,
pweza, paa, kinu, twiga,
ua, mwiko, kamba, nyati.

Wengi wataanza na wanyama wa porini: swala, tembo, twiga, nyati. Lakini paa naye ni mnyama wa porini, hivyo wamekuwa watano. Viumbe wa baharini ni pweza, ngisi, kamba na taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Lakini kaa naye anadai nafasi yake, nao wamekuwa watano. Vyombo vya jikoni ni sufuria, kinu, mwiko na mbuzi ya kukunia nazi. Lakini kata ya kuchotea maji nayo ni chombo, navyo vimekuwa vitano.

Limebaki neno moja lisilo na pa kwenda, nalo ni ua. Si mnyama, si kiumbe wa baharini, wala si chombo. Hapa mchezaji mwenye subira huacha kutazama makundi aliyokwisha kuyaona, akalikabili neno hilo yatima. Ua ni sehemu ya mmea. Ua ni uzio wa nyumba. Ua pia ni amri ya kutoa uhai. Maana hiyo ya tatu ndiyo ufunguo. Kaa, paa, kata na ua yote ni majina ambayo, yakitamkwa vilevile, huwa vitenzi. Kila moja ya makundi matatu hutoa neno lake la ziada, na fumbo zima hufunguka kwa mara moja.

Kinachotendeka ubongoni

Kazi hiyo ya dakika chache huhitaji uwezo wa namna tatu. Wa kwanza ni hazina ya maana za maneno. Kumbukumbu hii ni tofauti na kumbukumbu ya matukio: mtu hujua kwamba pweza huishi baharini bila kukumbuka siku aliyojifunza jambo hilo. Hazina hiyo hutegemea sana sehemu za pembeni za ubongo, zilizo karibu na masikio, hasa upande wa kushoto kwa watu wengi.

Uwezo wa pili ni kuchagua. Neno paa linaposomwa, maana zake zote huamka: mnyama, sehemu ya juu ya nyumba, kukwangua magamba ya samaki, tendo la kuruka juu. Ubongo lazima uikuze maana moja na kuzituliza nyingine.

Wa tatu, ambao ndio mgumu zaidi, ni kuliacha wazo lililokwisha kukubalika. Uwezo huu wa pili na wa tatu hutegemea kwa kiasi kikubwa sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso.

Kuliacha wazo lililoshindwa ni jambo ambalo madaktari wamelipima kwa miaka mingi. Mwaka 1948 huko Marekani, David Grant na Esta Berg walichapisha kipimo cha kupanga kadi kijulikanacho kama Wisconsin. Mpimwaji hupanga kadi kwa rangi, umbo au idadi, bila kuambiwa kanuni. Huambiwa tu kama amepatia au amekosea. Akishaigundua kanuni, hubadilishwa kimyakimya. Mwaka 1963 Brenda Milner, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada, alionesha kwamba wagonjwa waliokatwa eneo fulani la sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kupanga kwa kanuni ya zamani hata wanapoambiwa tena na tena kwamba wamekosea. Wengine huweza hata kusema kwamba wanakosea, lakini mkono haubadiliki.

Sote hung'ang'ania kidogo. Mchezaji anayebonyeza paa pamoja na twiga mara mbili, akibadilisha neno jingine tu, anaonesha kwa udogo tabia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba ubongo wenye afya hatimaye hujirekebisha.

Kutoka mchezoni hadi kliniki

Kupanga maneno kwa makundi ni sehemu ya uchunguzi wetu wa kila siku. Tunamwomba mgonjwa ataje wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja. Msikilizaji hatazami idadi pekee. Mtu mwenye afya husafiri kwa makundi: hutaja wa kufugwa, akahamia wa porini, kisha ndege, kisha samaki. Katika ugonjwa wa Alzheimer idadi hupungua mapema, kwa sababu hazina ya maana inaliwa. Pale ambapo sehemu ya mbele ya ubongo imeathirika, mgonjwa huweza kukwama katika kundi moja au kurudia majina yaleyale.

Kipimo hiki kina faida kubwa kwetu, kwani hakihitaji kalamu wala karatasi. Vipimo vingi vilivyotoka Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa asome, aandike au achore, na hivyo huweza kumhukumu bure mkulima ambaye hakupelekwa shule. Ndiyo maana kipimo kiitwacho IDEA, kilichoandaliwa kupitia utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kinatumia kutaja wanyama kwa mdomo, kukumbuka orodha ya maneno na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano.

Ni muhimu kusisitiza kwamba mchezo wa simu si kipimo cha ugonjwa. Mtu anaweza kushindwa fumbo kwa sababu hajui filamu za Marekani, ilhali ubongo wake ni mzima kabisa.

Je, mchezo hukinga?

Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake uliowahusisha watu 11,430 waliofanya mazoezi ya ubongo kwa kompyuta kwa wiki sita. Walipata umahiri katika michezo waliyoifanyia mazoezi, lakini umahiri huo haukuhamia katika kazi nyingine, hata zile zilizofanana nayo. Kwa maneno mengine, anayefumbua mafumbo kila siku huwa hodari wa mafumbo.

Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani, wa watu 107 ambao tayari walikuwa na upungufu mdogo wa kumbukumbu. Kwa wiki 78, waliojaza mafumbo ya maneno ya kukingamana walifanya vizuri kidogo kuliko waliocheza michezo ya kompyuta. Matokeo haya yanatia moyo, lakini idadi ilikuwa ndogo, wala hapakuwa na kundi lisilocheza chochote la kulinganisha nalo. Hayatoshi kuandikia mtu mchezo kama dawa.

Kwa upande mwingine, tume ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwa mambo hayo ni shinikizo la juu la damu, kisukari, upungufu wa kusikia na kuona, uvutaji wa sigara, majeraha ya kichwa, sonona, kutofanya mazoezi na upweke.

Hapa ndipo penye hatari. Mtoto anayemnunulia mama yake simu ya mafumbo huku mama hajapimwa shinikizo la damu kwa miaka mitatu amefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Shinikizo hilo huharibu mishipa midogo ya ubongo bila maumivu, na hakuna fumbo linaloweza kuikarabati.

Ushauri

Kwanza, wazee wapimwe shinikizo la damu na sukari, na wanaopewa dawa wazitumie bila kukatiza. Masikio na macho yachunguzwe pia; asiyesikia hujitenga na mazungumzo, nayo mazungumzo ni zoezi la ubongo.

Pili, anayependa mafumbo na aendelee, hasa akicheza pamoja na wengine. Asiyejua kusoma asiachwe nje. Mjukuu aweza kumtajia bibi maneno matano na kumuuliza lipi si la ukoo wa mengine, na kwa nini. Kwa majina ya samaki, mbegu na miti ya dawa, mara nyingi bibi ndiye atakayeshinda.

Tatu, dalili zisifunikwe kwa kusema ni uzee tu. Mzee anayerudia swali lilelile baada ya dakika chache, anayepotea njia aliyoizoea, anayeshindwa kuhesabu fedha alizokuwa akizimudu, au anayesahau majina ya vitu vya kawaida, aletwe hospitalini. Baadhi ya visababishi hutibika: sonona, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, au athari za dawa anazotumia.

Mwisho, mtu anayepoteza maneno ghafla, au ambaye uso umepinda au mkono umelegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Hicho huweza kuwa kiharusi, na katika kiharusi kila dakika inayopita ni sehemu ya ubongo inayokufa.